KIJANA MWENYE USONJI NA MACHO YA WATU: HISTORIA YA MIAKA MIA MOJA



Ndugu yangu msomaji, somo la leo ni refu kidogo. Kama una haraka, lihifadhi ulisome usiku ukitulia. Lakini usiliache, kwa sababu huenda linamhusu mtu unayekula naye sahani moja.

Kila mtaa una kijana wa aina hii. Ana miaka ishirini na kitu. Ukimsalimia anaitikia, lakini hakutazami machoni. Akipenda jambo, tuseme mabasi ya abiria au tarehe za vita, atakueleza habari zake saa nzima bila kutambua kwamba umechoka. Kipaza sauti kikilia ghafla anaziba masikio. Harusini hakai. Ukimtania, analichukua neno kama lilivyo. Alipokuwa mdogo walimwita mtukutu, kisha wakamwita mjinga, kisha wakasema ana shetani. Sasa amekuwa mtu mzima, na watu wameacha kumwita chochote. Wanampita tu.

Wengi wa vijana hawa wana hali inayoitwa usonji. Usonji hauambukizi, na si wendawazimu. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni, inayomfanya aone, asikie na afahamu watu kwa njia iliyo tofauti na ya wengi. Wapo wasiosema hata neno moja na wanaohitaji kusaidiwa kuvaa na kula. Wapo wenye shahada za chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu mwenyewe: msikiti unaojaa watu 1,000 siku ya Ijumaa, kwa wastani, una watu saba au wanane wa namna hii. Je, unawajua?

Leo sitazungumzia dawa. Nataka nikupe historia, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo kila mzazi na kila jirani anapaswa kujiuliza: katika mateso yanayompata kijana huyu, ni mangapi yanatokana na usonji wenyewe, na ni mangapi yanatokana na jinsi sisi tunavyomtazama?

Twende pamoja, hatua kwa hatua.

1. WALIOONA KWANZA

Neno ambalo Wazungu wanalitumia kwa usonji lilitungwa mwanzoni mwa karne iliyopita na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler. Alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi", yaani mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Yeye hakuwa anazungumzia watoto hawa. Alikuwa anaeleza dalili moja ya wagonjwa wa akili watu wazima. Lakini tayari neno limebeba hukumu ndani yake: huyu amejifungia, huyu hatutaki. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1925, mjini Moscow, daktari mwanamke aitwaye Grunya Sukhareva alichapisha habari za wavulana sita aliokuwa akiwaangalia katika shule ya matibabu. Alieleza jinsi wanavyojitenga na wenzao, wanavyochukia kelele, wanavyoshikilia ratiba ile ile kila siku, na jinsi baadhi yao walivyokuwa na vipaji. Maelezo yake yanafanana sana na tunayoyajua leo. Lakini dunia haikumsikiliza. Ilipita miaka mingi kabla ya makala yake kutafsiriwa kwa Kiingereza, mwaka 1996.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema usonji ni maradhi ya zama hizi yaliyoletwa na simu na vyakula vya kopo, mwambie ukweli: watoto hawa walikuwepo kabla ya simu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaona.

2. MTOTO WA FOREST

Sasa sikiliza habari ya mtoto mmoja wa Marekani. Nataka uishike vizuri, maana ndiyo nguzo ya somo hili.

Mwaka 1933, katika mji mdogo uitwao Forest, jimbo la Mississippi, alizaliwa mtoto jina lake Donald Triplett. Baba yake alikuwa mwanasheria. Upande wa mama yake walikuwa wenye benki ya mji. Mtoto alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Kabla ya kufika miaka mitatu alikuwa anasoma kwa moyo maneno marefu ya dini yao. Lakini hakujali nani ameingia wala nani ametoka. Mama akimwita, hageuki. Alipenda kuzungusha vitu, sufuria, vifuniko, chochote kinachozunguka, na ukimkatiza anapiga kelele za kutisha.

Wazazi walishauriwa kumtoa nyumbani. Mwaka 1937, akiwa na miaka mitatu, alipelekwa katika nyumba ya serikali ya kulelea watoto, na wazazi wakaruhusiwa kumtembelea mara mbili tu kwa mwezi. Unajua kilichotokea? Mtoto alizimika. Aliacha kula vizuri, akakaa bila kusogea, hajali chochote. Baada ya mwaka mmoja hivi wazazi walikwenda kumchukua. Mkuu wa pale aliwaambia wamwache, kwamba sasa anaendelea vizuri!

Tafakari hapo, ndugu yangu. Mtoto amenyamaza kwa huzuni, na anayemtazama anasema ameendelea vizuri, kwa sababu hasumbui. Ni mara ngapi sisi nasi tunaona mtoto aliyekaa kimya pembeni tukasema "huyu hana shida"?

Wazazi walikataa ushauri ule. Wakamrudisha nyumbani. Baba akakaa na karani wake akaandikisha barua ya kurasa 33 inayoeleza kila jambo kuhusu mwanawe, akaituma Baltimore kwa daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins. Kanner aliisoma, akamwona mtoto mwaka 1938, akaanza kutafuta wengine wanaofanana naye. Mwaka 1943 alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Donald alikuwa wa kwanza katika orodha. Makala hiyo ndiyo iliyoufanya usonji ujulikane duniani.

Naam, elimu yote ya leo imetokana kwa sehemu kubwa na baba aliyekaa akamtazama mtoto wake kwa makini kiasi cha kujaza kurasa 33. Wewe ungeweza kuandika ngapi kuhusu wako?

3. YULE ALIYEPIMA WATU KWA FAIDA

Wakati Kanner anaandika Marekani, mjini Vienna kulikuwa na daktari mwingine, Hans Asperger. Mwaka 1944 alichapisha habari za wavulana wanne wenye hali inayofanana na hiyo. Aliwasifu kwa akili zao, akasema wanaweza kuifaa jamii. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mtetezi wa watoto.

Lakini Vienna ya wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Hitler, na katika mji huo kulikuwa na kituo kiitwacho Am Spiegelgrund, ambako watoto wenye ulemavu walikuwa wanauawa kwa dawa, kwa njaa na kwa baridi. Waliokufa pale ni watoto wapatao 789. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha aliyoyakuta katika majalada ya zamani: Asperger alishirikiana na utawala ule, na wapo watoto waliopelekwa katika kituo hicho kwa mkono wake, wakiwemo wasichana wawili wadogo waliokufia huko.

Somo ni nini hapa? Ukimpenda mtoto kwa sababu ya faida yake tu, kwa sababu anajua hesabu, kwa sababu ana kipaji, basi umekwisha kumhukumu yule asiye na kipaji. Leo watu wanapenda kusambaza video za vijana wenye usonji wanaohesabu kama kompyuta. Ni jambo zuri. Lakini yule asiyehesabu, asiyesema, anayevaa nepi na umri wa miaka ishirini, thamani yake ni ile ile. Thamani ya mwanadamu haiongezwi na cheti.

4. WALIPOSHITAKIWA KINA MAMA

Baada ya vita kukaibuka fikra nyingine, na hii iliumiza nyumba nyingi mno. Mwaka 1949 Kanner mwenyewe aliandika kwamba wazazi aliowaona ni watu baridi, wasio na mapenzi ya kuonekana, kana kwamba watoto wamewekwa katika jokofu. Wengine wakalidaka neno hilo. Likazaliwa jina la "mama jokofu". Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago, mtu aliyekuwa maarufu mpaka kwenye televisheni, alitoa kitabu kiitwacho The Empty Fortress. Ndani yake aliwatwika wazazi lawama, kwamba mtoto amejifungia kwa sababu amehisi mzazi wake hamtaki.

Hebu fikiria mama wa zama zile. Analala saa mbili kwa usiku. Anaosha, analisha, anabembeleza. Anakwenda kwa daktari kutafuta msaada, anaambiwa wewe ndiye sababu. Wapo walioshauriwa kutenganishwa na watoto wao ili mtoto apone kutokana na mama yake.

Aliyeanza kuivunja fikra hiyo alikuwa mzazi. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani, na mwanawe alikuwa na usonji. Alimjua mkewe, alijua mapenzi yake, akajua maneno yale hayawezi kuwa kweli. Akasoma kila kilichoandikwa, na mwaka 1964 akatoa kitabu kinachoonyesha kwamba usonji unatokana na mwili, haukuletwa na malezi. Mwaka uliofuata alisaidia kuanzisha chama cha taifa cha wazazi. Na mwaka 1969, katika mkutano wa chama hicho, Kanner alisimama mbele ya wazazi akawatangaza kuwa hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa pacha jozi 21 kutoka Uingereza. Kati ya jozi 11 za pacha wa kufanana kabisa, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za pacha wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Ikadhihirika kwamba nasaba ina mkono mkubwa.

Kwetu hatukusema "mama jokofu". Tulisema mengine. Mama alikula nini akiwa na mimba. Mama alipita wapi magharibi. Ukoo wa baba una kitu. Dada yangu unayesoma haya ukiwa umebeba lawama hiyo miaka ishirini: itue. Ilishapimwa, ikaonekana ni uongo.

5. WATOTO WAKAKUA

Kuna jambo moja watu walilisahau. Mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji.

Mwaka 1971 Kanner aliwafuatilia wale watoto 11 aone wamefikia wapi. Waliokuwa wamepelekwa kwenye hospitali kubwa za serikali alikuta wamefifia. Akili zilizokuwa ziking'ara utotoni zimezimika, wanaishi kama watu waliofungwa maisha. Usonji ni ule ule, lakini mahali walipowekwa na jicho lililowatazama ndivyo vilivyotofautiana.

Uingereza nako wazazi waliungana mwaka 1962 wakaanzisha chama. Mmoja wao alikuwa daktari Lorna Wing, mwenye binti mwenye usonji. Mwaka 1979 yeye na Judith Gould walichapisha uchunguzi wa watoto wa eneo la Camberwell, London, wakaonyesha kwamba wapo wengi zaidi ya wale wanaolingana na maelezo ya Kanner. Mwaka 1981 Wing akaeleza habari za wale wanaosema vizuri na wenye akili nzuri, ambao hata hivyo wanateseka katika kuchangamana na watu. Kuanzia hapo mlango ukafunguka. Watu wazima waliokuwa wameitwa wakaidi, wenye kiburi, wasio na adabu, walianza kupata jina la hali yao. Mwaka 2013 Wamarekani waliziunganisha aina zote chini ya jina moja la usonji, kwa kuwa ni hali moja yenye upana mkubwa.

6. NI NANI ASIYEMWELEWA MWENZAKE?

Sasa tumefika kwenye kiini. Kuwa makini hapa.

Mwaka 1985, mjini London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha mtihani mdogo sana uliobadilisha fikra za watu. Mtoto anaonyeshwa wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu, kisha anatoka. Anne anaichukua gololi na kuificha kwenye kisanduku. Sally anarudi. Je, atatafuta gololi yake wapi? Jibu ni kwenye kikapu, kwa sababu Sally hajui kuwa imehamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha kisanduku, mahali gololi ilipo kweli.

Wataalamu wakasema: hawa wana shida ya kufahamu kilichomo katika fikra ya mwenzao. Utafiti ule ulikuwa na faida. Lakini watu wa kawaida wakaugeuza kuwa hukumu. Wakasema hawana huruma, hawana hisia, hawajali. Kijana akifiwa na babu yake asilie mbele za watu, wanasema "huyu hana moyo", na kumbe usiku halali.

Ilichukua miaka 27 mpaka swali la pili likaulizwa kwa uwazi. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kuna pande mbili. Kama mimi sikuelewi na wewe hunielewi, kwa nini ugonjwa uhesabiwe kuwa wangu peke yangu? Mgeni akishuka bandarini hajui Kiswahili, nasi hatujui lugha yake, hatusemi kwamba mgeni hana akili ya kuzungumza. Tunasema hatujaelewana, na kila mmoja anatafuta neno.

Je, kuna ushahidi? Upo. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti wa namna hii: waliwarekodi watu wazima wenye usonji na wasio na usonji wakijieleza kwa muda mfupi sana, kisha wakawapa vijana wengine wawatathmini bila kuwaambia nani ni nani. Kwa sekunde chache tu, watazamaji waliwaona wenye usonji kuwa hawavutii, na wakasema wasingependa kuzungumza nao wala kukaa nao karibu. Hata walipoonyeshwa picha tu, ilikuwa hivyo. Walipoisikia sauti tu, ilikuwa hivyo.

Lakini walipopewa maneno peke yake, yameandikwa kwenye karatasi, bila sura na bila sauti, tofauti ikatoweka!

Soma tena sentensi hiyo. Maneno yao hayakuwa na kasoro. Watu waliwakataa kabla ya kusikia wanasema nini, kwa sababu ya jinsi wanavyosimama, wanavyotazama na wanavyotoa sauti. Sekunde kumi. Kijana huyo anakutana na sekunde kumi hizo dukani, chuoni, kwenye usaili wa kazi, kwa wakwe, na kwetu msikitini. Kila siku, maisha yake yote. Halafu tunashangaa kwa nini anapenda kukaa peke yake chumbani.

7. KINYAGO

Mtu anayekataliwa hivyo hufanya nini? Wengi hujifunza kujificha. Mwaka 2017 Laura Hull na wenzake walichapisha maelezo ya watu wazima 92 wenye usonji kuhusu jambo hilo. Walieleza wanavyojilazimisha kutazama machoni ingawa kunawachoma, wanavyokariri maneno ya kusema kabla ya kutoka nyumbani, wanavyoiga vicheko vya wengine, wanavyozuia mikono isitikisike. Wanafanya hivyo wapate kazi, wapate rafiki, wasidhihakiwe. Na wakirudi nyumbani wamechoka kama mtu aliyebeba magunia bandarini. Baya zaidi, baadhi yao wanahisi wamepoteza nafsi zao, hawajui tena wao ni nani.

Ndugu zangu, nitasema jambo zito sasa. Mwaka 2014 Sarah Cassidy na wenzake walichapisha habari za watu wazima 374 waliogunduliwa hali hii ukubwani katika kliniki moja huko Cambridge. Asilimia 66 walisema wamewahi kuwaza kujiua. Asilimia 35 walikuwa wamepanga au wamejaribu. Na mwaka 2018 mtafiti huyo huyo na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa mambo yanayoambatana na hatari hiyo ni kule kujificha, pamoja na kukosa msaada wanaouhitaji.

Kwa hiyo unapomwona kijana wako amejirekebisha, sasa anacheka na watu, anatazama machoni, anakaa harusini mpaka mwisho, usikimbilie kusema amepona. Muulize taratibu mkiwa wawili: "Mwanangu, unachoka?" Yule mkuu wa nyumba ya watoto aliona mtoto aliyenyamaza akasema anaendelea vizuri. Tusirudie jicho lile.

Na akikwambia hataki kuishi, usimjibu kwa kumtisha na moto. Kaa naye. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kama ambavyo ungempeleka akiwa amevunjika mguu. Sonona ni maradhi, na yana tiba.

8. MJI ULIOAMUA KUMTAZAMA VINGINE

Sasa turudi kwa Donald, tuone alivyoishi.

Mwaka 1942 aliwekwa kwa mke na mume wakulima nje kidogo ya mji, watu wa kawaida, hawakusomea saikolojia. Mtoto alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Yule mkulima hakumpiga wala hakumkataza. Alimpa kazi ya kuchimba kisima, ampe taarifa kila mara kimefika kina gani. Mtoto alikuwa anahesabu mistari ya mahindi bila kuchoka. Akaachiwa ahesabu huku analima kwa farasi. Kanner alipokwenda kumwona mwaka 1945 alimkuta analima mstari kwa mstari, anageuza farasi mwishoni, anarudi.

Akaenda shule ya sekondari. Wenzake walieneza habari kwamba aliwahi kutazama jengo la shule akasema idadi ya matofali yake papo hapo. Alipozeeka aliulizwa kuhusu hilo, akasema alitaja namba tu, kwa kuwa alitaka wale vijana wamwone wa maana. Subhanallah! Huyu ndiye mtu ambaye vitabu vilisema hajali watu wanamfikiriaje.

Mwaka 1958 alihitimu chuo akiwa na shahada ya Kifaransa. Akafanya kazi katika benki ya mji. Akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27. Akacheza gofu. Akasafiri peke yake nchi nyingi za dunia, kisha anarudi Forest. Wazazi wake walipofariki aliendelea kuishi katika nyumba ile ile. Waandishi wa habari John Donvan na Caren Zucker walipofika mjini kumtafuta, zaidi ya mtu mmoja waliwaonya: mkimfanyia ubaya huyu, tutawatafuta. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89.

Hakuponywa. Mpaka uzeeni mazungumzo yake yalikuwa mafupi, na aliwapa watu namba kama majina yao. Kilichotokea ni kwamba mji mzima ulimzoea.

Lazima tuseme ukweli wote. Familia yake ilikuwa na fedha na jina, na walikuwa Wazungu katika Mississippi ya ubaguzi. Mtoto mweusi wa mji ule ule, mwenye hali ile ile, nani angempeleka Baltimore? Lakini jambo lililomfaa zaidi Donald halinunuliwi. Majirani kumsalimia, wazee kumpa nafasi mezani, vijana kumwita kwenye michezo: hayo hata mtaa maskini kabisa unaweza kuyatoa.

9. TUFANYE NINI?

Sisi nasi tumo katika historia hii. Siku ya usonji duniani, tarehe 2 Aprili, ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar, nchi ya Kiislamu. Tunao mfano mkubwa zaidi katika sira: Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, na aliadhini, na akaachiwa Madina aisimamie. Alipewa kazi, hakuishia kuhurumiwa.

Sasson na Kerrianne Morrison walionyesha mwaka 2019 kwamba mtazamaji akiambiwa mtu huyu ana usonji, na akiwa na elimu kuhusu usonji, jicho lake hulainika. Kwa hiyo elimu unayoisoma sasa yenyewe ni sehemu ya dawa. Nayo haya ndiyo niliyotaka uondoke nayo:

Kwanza, mzazi, muulize kijana wako nini kinamuumiza: mwanga, kelele, kuguswa, umati. Punguza unachoweza. Asiyetaka kupeana mkono, mtolee salamu kwa mdomo, inatosha.

Pili, sema naye waziwazi. Usimwambie "njoo baadaye", mwambie saa. Mafumbo yetu ya pwani ni matamu, lakini kwake ni mlango uliofungwa.

Tatu, anachokipenda kigeuze kazi, kama yule mkulima na mistari ya mahindi. Anayependa kupanga, apange vitabu vya madrasa. Anayependa saa, ashike ratiba ya adhana.

Nne, kumfunga kamba na kumpiga kwa jina la kutoa majini ni dhulma. Dua mwombee, na hospitali mpeleke. Moja haliondoi jingine.

Tano, wenye mitaa na misikiti, mmoja wenu amzoee. Mmoja tu atosha kuanza. Akimsalimia kwa jina kila siku, wa pili ataiga, na wa tatu.

Mama na baba wengi wana swali moja linalowakosesha usingizi, nami nimeulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini watu wakishatawanyika: tukifa, huyu atabaki na nani? Jibu la swali hilo haliko hospitali wala halimo kwenye vitabu vya Baltimore na London. Liko kwa jirani, na jirani ni wewe unayesoma. Mjue jina leo, wazazi wake wakiwa hai, ili siku hiyo ikifika asiwe mgeni kwako.

Allah atujaalie macho yanayoona, awape subira wazazi, na awape utulivu wa moyo vijana wetu. Amin.

Mtumie mzazi mmoja unayemjua anahitaji kusoma haya. Wabillahi tawfiq.